Sura ya Nne: Kipi Kitangulie

Alasiri ina rakaa nne. Imamu wa msikiti mdogo karibu na Konde, kaskazini mwa Pemba, anaijua hesabu hiyo kama anavyoijua njia ya kisimani kwake. Siku moja anamaliza ya nne na, badala ya kukaa, anasimama. Safu ya nyuma inamkumbusha: "Subhanallah." Hasikii. "Subhanallah," kwa sauti kubwa zaidi. Anaendelea na ya tano. Baada ya salamu wanamwambia kwa adabu kwamba Maalim, leo umezidisha. Anacheka. Binadamu husahau, na sijida ya kusahau imewekwa kwa ajili hiyo. Wiki ya pili anakatika katikati ya Fatiha na kubaki ameutazama ukuta. Wiki ya tatu mkewe anamkuta uani, kanzu ameivaa nje ndani, anatafuta ufunguo wa duka alilouza miaka kumi iliyopita.

Imamu huyu nimemtunga. Wagonjwa wa kweli wa maradhi haya ni wachache na kisiwa ni kidogo. Ukisema umri na kazi tu, watu wanaijua nyumba. Dalili zake, lakini, sikuzitunga. Limfoma inayoanzia ubongoni, ndiyo maradhi yenyewe, hupenda kukaa ndani kabisa, pembezoni mwa vyumba vya maji vilivyo katikati ya ubongo na kwenye daraja la nyuzi linalounganisha nusu ya kulia na ya kushoto. Huko chini si mahali pa kuzusha kifafa, kwa hiyo degedege si dalili yake kubwa kama ilivyo kwa uvimbe unaokaa kwenye ganda la juu la ubongo. Kinachoanza kuharibika ni mpangilio. Mtu anajua kuswali, anajua na namba, ila hajui amefika wapi. Jamaa husema "kabadilika" kabla hawajasema "anaumwa". Kisha mkono mmoja unakuwa mzito, au maneno yanaanza kumkimbia, au bega la upande uleule linagonga mlango kila anapopita. Na yote hayo hutokea ndani ya wiki chache. Usahaulifu wa uzee hutembea kwa miaka. Huu hukimbia.

Ni ugonjwa adimu. Katika nchi zenye daftari nzuri za saratani humpata takriban mtu mmoja katika kila watu laki mbili kwa mwaka, na wengi wao wameshavuka miaka 60. Sensa ya 2022 iliihesabia Pemba watu 543,441, wengi wao vijana. Daktari wa Wete au Chake Chake anaweza kufika umri wa kustaafu asimwone hata mgonjwa mmoja, au akamwona asimjue.

Nyumbani kwa imamu, jina la ugonjwa limeshapatikana: kachezewa. Nani asiyejua sifa za Pemba? Watu huvuka bahari kutoka bara na Mombasa kuja kutafuta waganga hapa, na waandishi wa kizungu waliopita zama za ukoloni wakaipamba hadithi hiyo mpaka ikapitiliza. Basi mzee anaandikiwa kombe, aya kwa wino wa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya mawaridi, akanywa. Anapigiwa ramli. Baadhi ya wenzangu wanaoandika habari za afya hufika hapa wakaanza kufoka. Mimi sina ugomvi na kombe. Zafarani na mawaridi havijamharibia mtu kipimo. Kinachoweza kumharibia imamu huyu kipimo chake kimo ndani ya kabati la dawa la hospitali, tena kwa bei ya chini kabisa, na anayekitoa anakitoa kwa nia njema.

Mtoto wake wa kiume anampeleka kituo cha afya. "Daktari, tunakuomba," anasema, "baba hajalala siku tatu, kichwa kinampasua." Mtaalamu aliye zamu anamwangalia mzee, anashuku uvimbe kichwani, na anafanya alichofundishwa kwa uvimbe wowote wa kichwani: anampa deksamethasoni, ili kupunguza maji yanayokandamiza ubongo. Siku ya pili imamu anaamka. Anauliza kwa nini kanzu yake haijapigwa pasi. Anataka kahawa na kipande cha halua. Nyumba nzima inamshukuru Mungu, na barua ya rufaa inatiwa mtotoni mwa kabati, kwani mgonjwa kapona.

Hajapona.

Ili kuelewa kilichotokea lazima tujue limfoma imetengenezwa na nini. Kila mzazi wa Kiswahili anaijua mitoki, zile tezi zinazovimba kinenani mtoto akijichoma mwiba mguuni. Ndani ya mitoki huishi askari weupe wa damu waitwao limfosaiti, na kundi lao moja, seli B, ndilo linalofua kingamwili. Limfoma ni askari hawa wakiasi na kuongezeka bila amri. Sasa, limfosaiti zina udhaifu mmoja usiopatikana katika saratani nyingi nyingine: dawa za jamii ya deksamethasoni huziua moja kwa moja. Kwa uvimbe mwingine wa ubongo dawa hii hukausha maji tu, na uvimbe hubaki ulipokuwa. Kwa limfoma inaweza kuuyeyusha uvimbe wenyewe. Picha ya kichwa ikipigwa baada ya siku chache, kilichokuwa bonge jeupe linang'aa kimefifia au kimetoweka. Madaktari wameupa jina la uvimbe mzimu. Mpasuaji akichoma sindano mahali palepale kuchukua kinyama, yaani kipande kidogo cha kupima, hupata mabaki: seli zilizokufa na walaji taka waliokuja kufagia. Mtaalamu wa kinyama anaangalia kwenye hadubini na kuandika kwamba hakuona saratani. Baada ya wiki au miezi mzimu hurudi, mara nyingi na mwili wa mgonjwa ukiwa umechoka zaidi.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza katika maradhi haya ni ya utangulizi. Ukishuku limfoma ya ubongo, kinyama kitangulie, deksamethasoni ifuate. Ina msamaha mmoja: mgonjwa anayezama, mboni ya jicho moja imepanuka, fahamu zinatoka, hasubiri kinyama cha mtu. Huyo hupewa dawa hapohapo, na jina la ugonjwa litatafutwa akiwa hai. Asiye katika hali hiyo anaweza kusubiri siku mbili tatu. Tatizo ni kwamba katika visiwa siku mbili tatu hugeuka wiki mbili tatu, na kumwambia mtoto amwangalie baba yake anavyoumia, huku dawa ya senti chache ipo mkononi mwa daktari, ni jambo zito kulitamka. Ndiyo maana madaktari wazoefu wakipokea mgonjwa wa rufaa huulizia kwanza mfuko wa plastiki wenye dawa zake. Wanataka kujua kilichotangulia.

Nimesema Pemba haina wagonjwa wengi wa limfoma hii. Lakini katika historia ya limfoma kwa jumla Pemba imewahi kuwa shahidi, na ushahidi wake ulikuwa wa kutokuwapo.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa watoto Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt amwangalie mtoto mwenye taya zilizovimba pande zote nne. Burkitt alikuwa mtu wa Ireland mwenye jicho moja, la pili alilipoteza utotoni. Hakuelewa alichokiona. Wiki chache baadaye, akiwa ziarani Jinja, alichungulia dirishani akaona mtoto mwingine mwenye uso uleule. Mtu mwingine angeandika kesi mbili na kwenda zake. Yeye alianza kuuliza. Mwaka 1958 alichapisha makala yake ya kwanza, kisha akatuma maswali hospitali baada ya hospitali barani kote, na Oktoba 1961 akapanda gari kuukuu pamoja na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakaendesha maili 10,000 kwa wiki kumi, kutoka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiingia karibu hospitali 60. Swali lilikuwa moja kila mahali: mmemwona mtoto wa namna hii?

Ramani iliyotokea ilikuwa mkanda unaokata katikati ya Afrika. Ugonjwa huo, limfoma iliyokuja kuitwa ya Burkitt, ulikwepa nyanda za juu zenye baridi na maeneo makavu yasiyo na mvua. Alexander Haddow, mtaalamu wa virusi wa Entebbe, akaona kwamba huo mpaka si wa mlima kama mlima, ni wa joto na mvua, na ni mpaka ambao watu wa mbu wanaufahamu vizuri. Lakini sehemu fulani zilivunja kanuni. Unguja na Pemba zina joto na mvua ya kutosha kumstawisha mbu yeyote, watoto wa pwani ya bara ng'ambo yao walikuwa wakiumwa, na bado visiwani ugonjwa ulikuwa haba. Kilichovitofautisha visiwa ni kwamba tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 Shirika la Afya Duniani lilikuwa likinyunyizia nyumba dawa ya mbu, na malaria ilikuwa imeporomoka. Burkitt alipokuja kuitetea hoja kwamba malaria huchangia ugonjwa huo, ikiwemo katika makala aliyoandika na daktari wa Uganda George Kafuko mwaka 1970, maeneo kama visiwa hivi ndiyo yaliyompa nguvu. Wazee wa Pemba wanaokumbuka mabwana afya wakiingia na mabomba yao mgongoni hawakuambiwa kwamba ukuta wao unaandika sura ya historia ya saratani.

Kwa wakati huohuo kulikuwa na mshtakiwa mwingine. Machi 22, 1961 Burkitt alitoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex, London, na kwenye viti alikuwamo Anthony Epstein, mtafiti wa maabara aliyekuwa akiwinda virusi vya saratani. Tangu hapo vipande vya uvimbe vikawa vinasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Kwa zaidi ya miaka miwili Epstein hakuona kitu. Desemba 1963 ukungu uliifunga London, ndege ikashukia Manchester, na sampuli ikafika imechelewa, maji yake yamechafuka. Kwa kawaida mtu angedhani bakteria wameingia na kuimwaga. Aliitazama, akakuta seli zinaelea zikiwa hai. Kutoka seli hizo, mwaka 1964, yeye, Bert Achong wa Trinidad na Yvonne Barr walionyesha kirusi ambacho leo kinaitwa Epstein-Barr.

Kirusi hiki karibu sote tunacho. Zaidi ya tisa katika kila watu wazima kumi duniani wamekibeba, na watoto wa Afrika hukipata mapema, kwa mate. Watoto wa Pemba walikuwa nacho kama wa Tanga. Kirusi hujificha ndani ya seli B na kuiweka hai kuliko inavyostahili. Malaria ya kila msimu huzilazimisha seli B kugawanyika na kukata na kuunga chembe zao za urithi mfululizo, mpaka siku moja kipande kinaungwa mahali pasipo pake. Kimoja bila kingine mara nyingi hakitoshi. Kati ya 1977 na 1982 watafiti walijaribu kuhakikisha hilo kwa kuwapa klorokwini watoto wa Mara Kaskazini, bara. Ugonjwa ulipungua, ila ulikuwa umeshaanza kupungua kabla dawa haijatolewa, na vimelea navyo vikaanza kuizoea klorokwini. Sioni haya kusema jaribio lile halikukata kesi. Ushahidi wa visiwa, ambao haukupangwa na mtu, naupa uzito zaidi.

Unguja na Pemba baadaye zililipa. Unyunyiziaji uliachwa 1968 na malaria ikarudi. Imechukua miaka mingi, mpaka dawa mpya za mseto kuanzia 2003, vyandarua na unyunyiziaji wa mara hii ya pili, kuishusha tena chini ya asilimia moja.

Sasa turudi kichwani. Taasisi ya kutibu limfoma iliyofunguliwa Mulago mwaka 1967, chini ya Mmarekani John Ziegler, iligundua jambo lililowakatisha tamaa mwanzoni. Mtoto alichomwa dawa ya saratani, saiklofosfamaidi, taya likanywea kwa siku chache, mama akalia kwa furaha. Kisha mtoto anarudi, kope moja imeanguka, au miguu haisimami. Saratani ilikuwa imekimbilia kwenye utando wa ubongo na maji ya uti wa mgongo. Mishipa ya damu ya ubongo ina bawabu mkali asiyeruhusu kila dawa kupita, na nyuma ya bawabu huyo seli zilizoasi zilipata hifadhi. Madaktari wa Kampala wakaanza kuchoma methotreksati moja kwa moja kwenye maji ya uti wa mgongo. Ziegler aliondoka 1972, enzi za Amin, na kazi ikashikwa na Charles Olweny, aliyeiendesha katika miaka ambayo hata glavu zilikuwa tatizo. Limfoma ya ubongo ya mzee wetu wa Konde si ile ya Burkitt. Kwa watu wazima karibu zote ni za seli B kubwa. Hata hivyo bawabu ni yuleyule, na dawa ya kumpita ni ileile.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 UKIMWI ukaibadilisha hadithi nzima. Kinga ikishuka sana, kirusi cha Epstein-Barr kilichonyamazishwa tangu utotoni huamka, na limfoma ya ubongo ya watu hawa karibu yote hubeba alama yake. Kwa hiyo imamu, kwa heshima zote za umri na kilemba chake, lazima apimwe VVU. Mkewe atauliza kwa nini, na daktari itabidi amjibu vizuri, maana jibu linageuza njia yote. Mwenye VVU aliye na doa ubongoni ana uwezekano mwingine mkubwa: toksoplasma, kimelea kinachotibika kwa vidonge vya Septrin, au kifua kikuu cha ubongo. Huyo mara nyingi huanzishiwa tiba ya toksoplasma na kupigwa picha tena baada ya wiki mbili. Doa likipungua, kinyama hakihitajiki. Hapa pia deksamethasoni ni mchongezi. Ukiichanganya na Septrin na doa likapungua, utasema kipi kimelipunguza?

Zanzibar maambukizi ya VVU yako chini ya asilimia moja, na imamu wetu amekutwa hana. Inabaki sindano.

Picha ya limfoma ikionekana kabla haijachezewa ina sura yake. Kwenye CT hung'aa nyeupe hata kabla ya dawa ya kuangazia, kwa sababu seli zimesongamana. Kwenye MRI hujaa rangi sawasawa bonge zima, na ikivuka lile daraja la kati huwa kama kipepeo amekunjua mbawa. Kuna anayeitazama akasema, nimeijua. Asikubaliwe. Picha haijawahi kutosha kumpa mtu dawa ninayoieleza huko mbele. Kabla ya fuvu kutobolewa, yapo maeneo mawili ya kuchungulia kwa gharama ndogo: maji ya uti wa mgongo, ikiwa shinikizo la kichwani linaruhusu, na jicho. Takriban mmoja kati ya wagonjwa watano ana seli hizi ndani ya jicho, naye analalamika tu kwamba anaona vijidudu vinaelea au ukungu. Taa ya daktari wa macho inaweza kuokoa kichwa.

Zisipopatikana huko, kinyama kinakatwa. Zamani kwa mtu wa Pemba hilo lilikuwa na maana ya Dar es Salaam au nje ya nchi. Tangu 2014 katika hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, kuna kitengo cha upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo kilichojengwa na taasisi ya NED ya Uhispania, iliyoanzishwa na mpasuaji wa Valencia José Piquer, aliyekuwa akija na wenzake kufundisha na kupasua pamoja na madaktari wa Zanzibar. Kwa hiyo mzee anatoka Konde, anaushuka urefu wote wa kisiwa hadi Mkoani, ilipo Hospitali ya Abdalla Mzee na bandari, anavuka kwa boti hadi Malindi, na kutoka Malindi hadi Mnazi Mmoja hakuna hata safari ya kumaliza kahawa. Mpasuaji hatoi uvimbe wote. Ndugu hulikataa jambo hili: mmefungua kichwa halafu mkaacha? Limfoma ya ubongo haina mpaka. Bonge linaloonekana ni mji mkuu tu, raia wake wamesambaa kila kitongoji. Kuukwangua mji kunaweza kumvunja mgonjwa usemi au mkono bila kumzidishia mengi. Kinachotakiwa ni kipande chembamba kama punje ya mchele, kiingie kwenye fomalini, kifike kwa mtu wa hadubini mwenye rangi za kutambua seli B.

Kipande cha imamu kilichukuliwa baada ya deksamethasoni kusimamishwa na uvimbe kurudi. Wiki sita zilipotea. Asiyetibiwa kabisa huishi miezi michache tu, basi wiki sita ni fungu kubwa la umri.

Jina likishapatikana, dawa ni methotreksati, na hadithi ya dawa hii inapita Pemba kwa mlango ambao sikuutarajia nilipoanza kuandika. Mwaka 1947 Sidney Farber, daktari wa Boston, alikuwa amewapa watoto wenye saratani ya damu asidi ya foliki, ile vitamini wanayopewa wajawazito, akidhani itawajenga. Ikaonekana inaujenga ugonjwa. Akageuza: kama foliki inailisha saratani, adui wa foliki ataifisha kwa njaa. Mkemia wa Kihindi Yellapragada Subbarow alimtengenezea maadui hao, na mwaka 1948 Farber akatangaza kwamba katika watoto 16, kumi walipata nafuu, ingawa ya muda. Methotreksati ni mdogo wao wa familia hiyo.

Na Pemba? Pale Wawi, Chake Chake, kuna maabara ya afya ya jamii iliyofunguliwa mwaka 2000 kwa jina la mtaalamu wa vimelea wa Italia, Ivo de Carneri. Kutokea hapo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, timu ya Sunil Sazawal na Robert Black iligawa madini chuma na asidi ya foliki kwa watoto wadogo wa kisiwa, kama ilivyokuwa ikishauriwa dunia nzima kwa upungufu wa damu. Agosti 2003 sehemu ya chuma na foliki ilisimamishwa. Katika watoto 24,076, waliopewa walikuwa na uwezekano wa asilimia 12 zaidi wa kulazwa au kufa. Matokeo yalichapishwa 2006 na kutikisa sera za nchi nyingi. Lawama kubwa iliangukia chuma, lakini wapo waliojiuliza kuhusu foliki pia, kwa kuwa dawa za malaria za aina ya Fansidar hufanya kazi kwa kumnyima foliki kimelea. Kilichonigusa mimi ni kundi dogo ndani ya utafiti uleule: watoto waliokuwa wakipimwa na kutibiwa malaria kwa ukaribu, na waliokuwa na upungufu wa kweli wa chuma, walinufaika. Kirutubisho kilekile, kisiwa kilekile. Walitanguliziwa tiba.

Methotreksati ya ubongo hufuata utaratibu wa namna hiyo, ila kwa saa badala ya miezi. Mgonjwa wa baridi yabisi humeza miligramu 15 kwa wiki. Imamu wetu, kwa kipimo cha gramu 3.5 kwa kila mita ya mraba ya mwili, atapata karibu gramu 6 kwenye dripu ya saa chache: dawa ya karibu miaka minane ya jirani yake mwenye magoti mabovu, mchana mmoja. Wingi huo ndio unaomshinda bawabu. Ni kipimo cha kuua, na kingemuua, kama si kwamba saa 24 baadaye anaanza kupewa lukovorini, foliki iliyokwisha kutayarishwa, ambayo huziokoa seli nzima. Ikitangulia, inaiokoa saratani. Ikichelewa, uboho wa mifupa, mdomo na figo vinaungua.

Na figo ndizo zinazonitia hofu zaidi nikifikiria hospitali zetu. Methotreksati hutoka kwa mkojo, na mkojo ukiwa wa asidi inaganda ndani ya mirija ya figo kama chumvi kwenye sufuria. Basi siku moja kabla mgonjwa hujazwa maji na sodiamu baikabonati, na kila akikojoa, mkojo unachovywa karatasi ya kupimia. pH isipofika 7, dawa haianzi. Kisha damu hupimwa kila siku kujua dawa imebaki kiasi gani. Kipimo hicho hakipo kila mahali, na bila hicho mtu anaendesha gari usiku taa zimezimwa. Aspirini, diklofenaki na Septrin, vitu ambavyo ndugu huleta mfukoni kwa mapenzi, huizuia dawa kutoka. Lazima viachwe nje ya mlango wa wodi. Mionzi ya kichwa kizima, inayotolewa Ocean Road, Dar es Salaam, ipo kwa asiyeweza haya, ila kwa aliyepita miaka 60 mara nyingi hulipwa kwa kumbukumbu zake.

Kwa wanaovumilia, dawa hizi zina faida inayohesabika. Jaribio la Ulaya lililochapishwa 2016, kwa wagonjwa wasiozidi miaka 70, liliongeza juu ya methotreksati dawa tatu, saitarabini, rituksimabu na thiotepa. Miaka saba baadaye zaidi ya nusu ya waliopata zote nne walikuwa hai. Ni tiba kali mno kwa miili mingi. Nyumbani, watafiti wa Muhimbili na wa Uganda wakishirikiana na Oxford wamekuwa wakijaribu kuzitambua limfoma za kirusi cha Epstein-Barr kwa kusoma chembe za urithi zinazoelea kwenye damu, ili jina lisisubiri kinyama. Hilo likikomaa, mtu wa Konde atatanguliwa na kichupa cha damu kwenye kisanduku cha barafu, yeye akiwa bado kwake.

Imamu yuko wodini, upande wa bara. Dripu ilimalizika jana saa tisa alasiri. Mkewe amekaa kwenye kiti cha plastiki, na daftari la mtoto wa shule magotini, ameandika kila kikombe: saa ngapi, kiasi gani, rangi gani ya karatasi. Saa mbili usiku, 7.5. Saa tano, 7. Saa nane, 8. Mzee anamuuliza leo siku gani, anajibiwa Jumatano, na baada ya nusu saa anauliza tena. Sasa inakaribia saa tisa nyingine ya alasiri. Muuguzi anasimama mlangoni na sindano ya lukovorini kwenye kisahani, anatazama saa ya ukutani, kisha anaitazama yake.

"Bado dakika kumi, bibi," anasema.

"Nami nimeandika kumi," anajibu mkewe, na kumwonyesha daftari.